Chambo na Chombo: Mpira, Mila na Siha ya Mtoto wa Kiaborijini

Baina ya chambo na chombo hakuna ila tofauti ya sauti moja, lakini mvuvi havichanganyi vitu hivyo viwili hata siku moja. Chambo hutiwa ndoanani ili samaki avutike bila ya kujua anakopelekwa. Chombo hupakia watu pamoja na mizigo yao, kikawavusha hadi bandari waliyoikusudia wenyewe. Yeyote anayeutetea mchezo wa skuli kuwa ni njia ya kumfundisha mtoto mila na siha, hana budi kujiuliza kwanza: mpira ule ni kipi kati ya hivyo viwili?

Suali hili lina uzito wa pekee nchini Australia. Huko, tangu mwaka 2000, imeenea mipango ya michezo maskulini kwa ajili ya watoto wa wenyeji wa asili wa nchi, wanaojulikana kwa jina la jumla kuwa Waaborijini. Mmoja ulio mashuhuri, ule wa Taasisi ya Clontarf, ulianzishwa mwaka huo mjini Perth na Gerard Neesham, aliyepata kuwa mwalimu wa timu ya Fremantle katika ligi kuu ya mpira wa Kiaustralia, yaani ule unaochezwa kwa mikono na miguu katika kiwanja chenye umbo la yai. Ulianza na wavulana 25, kisha ukaenea katika majimbo kadhaa. Sharti lake ni jepesi kulieleza: kijana anayehudhuria masomo na kushika adabu ndiye anayebaki katika mpango. Mipango mingine ya namna hii imeongeza juu ya mahudhurio mambo mawili makubwa zaidi, yaani kumjuza mtoto mila za wazee wake, na kumzoeza maisha ya siha.

Ahadi hizo ni njema, na mwenye nia ya kuzibeza aangalie kwanza takwimu. Kwa hesabu za miaka ya 2020 hadi 2022, mwanamume wa jamii za wenyeji wa asili nchini Australia alitarajiwa kuishi miaka 71.9, na mwanamke miaka 75.6, umri huo ni pungufu ya ule wa Waaustralia wengine kwa zaidi ya miaka minane. Kisukari, maradhi ya figo na ya moyo huwashika watu wakiwa bado na nguvu za kulea. Babu na bibi ambao wangemfundisha mjukuu lugha na nyimbo za nchi yake hufa kabla mjukuu hajafikia umri wa kuzielewa. Kwa hiyo siha na mila si mada mbili zilizokutanishwa kwa bahati. Mwili wa mzee ndio maktaba, na maktaba hiyo inapokufa mapema, hata somo hukatika.

Juu ya hayo, ni lazima ikumbukwe kwamba skuli, inayotaka mtoto ahudhurie leo, haikuwa siku zote mahali pa heri kwake. Wahenga wamesema, samaki mkunje angali mbichi. Methali hii husemwa kwa nia njema ya malezi, lakini serikali za Australia na makanisa yake waliitenda kwa namna ya kutisha. Tangu mwishoni mwa karne ya 19 hadi miaka ya 1970, maelfu ya watoto wa Kiaborijini walichukuliwa kutoka kwa wazazi wao, wakapelekwa misheni, makao ya yatima na nyumba za wageni, ili wakunjwe wangali wabichi. Wengi walikatazwa kusema lugha zao. Ripoti ya uchunguzi iliyotoka mwaka 1997 iliyaweka hayo hadharani, na tarehe 13 Februari 2008 Waziri Mkuu Kevin Rudd aliomba radhi bungeni kwa niaba ya taifa. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na kwa watoto wale mama walikuwapo. Walichopokonywa ni haki ya kufunza. Kwa sababu hiyo, bibi anayesitasita kumpeleka mjukuu wake skuli huenda hana uvivu wala ujinga. Huenda anakumbuka.

Hapo ndipo mpira unapoingia. Watetezi wake husema: mtoto haipendi skuli, lakini anaupenda mpira, basi na tuuweke mpira ndani ya skuli, ataufuata. Hoja hii haina hila ndani yake, kwa kuwa haimdanganyi mtoto, na imezaa matunda. Kijana aliyekuwa akizurura huamka alfajiri akaenda mazoezini. Hupata mwalimu anayemjua kwa jina lake, hupata chai ya asubuhi na rafiki wa kumsubiri. Hayo si madogo, na haifai kuyadharau kwa ajili ya usafi wa nadharia.

Hata hivyo, kila chambo hufundisha kitu, hata kama mtegaji hakukusudia. Mfano mmoja unatosha. Mwaka 2000 yalifunguliwa mabwawa ya kuogelea katika jamii mbili za mbali huko Australia Magharibi, Jigalong na Burringurrah. Yaliendeshwa kwa kanuni iliyoenea baadaye katika jamii nyingi: asiyekwenda skuli haogelei. Madaktari waliwapima watoto kabla na baada, na utafiti wao ukachapishwa mwaka 2003. Katika muda wa miezi 18, watoto wenye vidonda vya ngozi walipungua kutoka asilimia 62 hadi 18 katika jamii moja, na kutoka asilimia 70 hadi 20 katika ya pili. Maji yale yenye dawa yalikuwa yakisafisha ngozi za watoto, na vidonda vya ngozi si jambo dogo, kwani vijidudu vyake vinaweza kuharibu figo na moyo.

Natija hiyo inafurahisha, lakini ndani yake mna fundo. Maadamu imethibiti kwamba bwawa ni dawa, kanuni ile imebadilika maana bila ya herufi zake kubadilika. Kumwambia mtoto asiyesoma kwamba hatacheza ni adabu. Je, kumwambia kwamba hatatibiwa ni nini? Na mtoto anayekosa skuli mara nyingi, aghalabu ndiye anayetoka katika nyumba iliyojaa watu, yenye bomba bovu na ugonjwa usiokwisha. Yaani anayefungiwa lango ndiye mwenye haja kuu ya maji. Wanaojali watoto hawakukusudia hivyo. Lakini chambo hakina njia ya kumtambua mwenye njaa zaidi. Humpata aliye karibu na anayeweza kukifikia.

Swali hilohilo huzuka upande wa mila, tena kwa ukali zaidi. Ikiwa kijana hufundishwa ngoma, hadithi na majina ya nchi yake katika mpango wa mpira, na mpango huo una sharti, basi aliyetolewa kwa utovu wa nidhamu ametolewa pia katika ujuzi wa wazee wake. Vilevile msichana ambaye mpango haukumfikiria, kwani kwa miaka mingi fedha nyingi za mipango hii zilielekezwa kwa wavulana. Vilevile mtoto mwenye mguu mbovu au pumu, au yule asiyependa tu kukimbilia mpira. Mchezo kwa tabia yake huchagua: una wa kwanza na wa mwisho, una anayeitwa kikosini na anayebaki benchi. Mila haina benchi. Mtu huzaliwa ndani yake, na kiwete wa ukoo ni mwana wa ukoo sawa na mwenye mbio.

Historia inaonyesha pia hatari nyingine, nayo ni mila kugeuzwa tamasha. Mwaka 1868, timu ya kwanza ya kriketi kutoka Australia kwenda kucheza Uingereza ilikuwa ya Waaborijini, wengi wao wakiwa wanaume wa magharibi ya Victoria. Walicheza mechi 47, wakashinda 14, wakashindwa 14, na 19 zikaisha bila ya mshindi. Baada ya mchezo, mara nyingi walitakiwa waonyeshe watazamaji namna ya kurusha mikuki na bumerangi. Mmoja wao, aliyeitwa King Cole kwa jina la kupachikwa, alifariki London na kuzikwa huko. Walirudi makwao, na mwaka 1869 jimbo la Victoria likapitisha sheria ya kuwatawala Waaborijini mahali pa kukaa, kazi na hata watoto wao. Watazamaji walivishangilia viungo vya miili yao na ustadi wa mikono yao; mtu mwenyewe hakupewa haki.

Mtu anaweza kudai kwamba hayo ni ya kale. Basi na aangalie ya mwaka 2015. Adam Goodes, mchezaji wa Sydney wa asili ya Waadnyamathanha na Wanarungga, aliyekuwa amepewa tuzo ya Mwaustralia wa Mwaka 2014, alifunga goli katika raundi iliyotengwa mahsusi kuuadhimisha utamaduni wa wenyeji wa asili. Akacheza ngoma ya vita mbele ya mashabiki, akaigiza kurusha mkuki. Ngoma ile, kama alivyoeleza, alifunzwa na vijana wa timu ya Flying Boomerangs, yaani vijana wa Kiaborijini wa umri wa kama miaka 15 na 16 waliokusanywa katika mpango wa kuwalea kwa njia ya mpira. Mzomeo uliokuwa ukimfuata viwanjani ukazidi, na mwaka huohuo akastaafu. Ligi na vilabu vyake vilimwomba radhi mwaka 2019.

Tukio hilo lafaa litafakariwe na kila mwalimu wa michezo, kwa kuwa ndani yake mpango ulifaulu kabisa. Vijana walifundishwa kujivunia asili yao, wakaitunga ngoma, wakampa mkubwa wao, naye akaipeleka mbele ya taifa, siku ambayo taifa lilisema linataka kuiona. Kilichoshindwa si mtoto. Kiwanja ndicho kilichokuwa hakijafundishwa. Kumfunza mtoto wa Kiaborijini utamaduni wake na kuwaacha wenziwe, walimu wake na watazamaji wake bila ya kufunzwa lolote, ni kumvisha nguo nzuri na kumtoa nje kwenye mvua ya mawe. Basi somo la mila likiwa skulini, ni la darasa zima.

Je, ina maana mchezo haufai kuwa njia ya mila? La, haina maana hiyo, na ushahidi uko katika michezo ya wenyeji wenyewe. Mwaka 2008 idara ya michezo ya serikali ya Australia ilitoa mkusanyiko uitwao Yulunga, neno la lugha ya Kikamilaroi lenye maana ya kucheza, wenye michezo zaidi ya 100 ya Waaborijini na ya watu wa visiwa vya Mlango-Bahari wa Torres. Upo gorri, ambapo duara la gome la mti hubiringishwa na vijana hulilenga kwa mikuki, wakijizoeza shabaha ya mawindo. Upo buroinjin wa Wakabi Kabi wa kusini ya Queensland, uliochezwa kwa mpira wa ngozi ya kangaruu. Upo kai, wa watu wa Torres: wachezaji husimama duara, wakaupiga juu kwa viganja mpira uliotokana na tunda jekundu la mti, jepesi likikauka, huku wakiimba wimbo wa mpira ule. Katika kai, kazi ya kila mmoja ni kuhakikisha tunda halianguki kwa mwenziwe. Humo mna mti, mna lugha, mna wimbo, mna mazoezi ya mwili, na hakuna kimojawapo kilichotiwa kama kitoweo juu ya kingine. Hicho ni chombo.

Walakini hata chombo hiki kina adabu yake. Waingereza walipotia nanga mwaka 1788, bara lile lilikuwa na lugha zaidi ya 250, na kila watu walikuwa na nchi yao, sheria zao na hadithi zao. Perth imejengwa juu ya nchi ya Wanoongar. Wimbo wa Torres si urithi wao. Mwalimu anayefungua kitabu na kuchezesha mchezo wa watu wa mbali, kisha akasema amefundisha utamaduni wa Kiaborijini, amefanya kama anayeimba wimbo wa harusi wa jirani na kuuita wa nyumbani kwake. Zaidi ya hayo, kwa watu wale elimu ina wenyewe: iko ya wanaume na iko ya wanawake, iko ya watoto na iko isiyotamkwa ila kwa aliyekwisha kupita jando. Basi hatua ya kwanza ya mpango wowote si kununua mipira. Ni kwenda kwa wazee wa mahali pale, kuuliza nini kinaruhusiwa, kumlipa anayefundisha kama mwalimu anavyolipwa, na kukubali pindi jibu likiwa hapana.

Kuhusu siha, mafunzo yanayofanana na hayo yalipatikana mwaka 1982. Mtafiti Kerin O'Dea aliandamana na Waaborijini kumi wenye kisukari, wa jamii iliyo karibu na Derby huko Kimberley, waliorejea nchini mwao kuishi kwa kuwinda, kuvua na kuchimba mizizi. Kwa wiki saba walikula walichokipata kwa miguu na mikono yao. Walipungua uzito kwa wastani wa kilo 8, na hali ya sukari katika damu zao ikawa nafuu sana. Aliyaandika hayo mwaka 1984. Hakuna anayedai kwamba watu wote warudi porini daima. Lakini ni kosa kuliona jambo lile kuwa ni lishe na mazoezi tu. Walikwenda katika nchi yao, wakiongozwa na ujuzi wao, wakagawana chakula kwa taratibu zao. Siha ilikuja ikiwa tunda la mila. Haikuwa mila iliyokuja kupamba somo la siha.

Fikra hiyo Waaborijini walikuwa nayo kabla ya maabara kuithibitisha. Mkakati wa taifa wa afya yao wa mwaka 1989 uliieleza afya kuwa si uzima wa mwili wa mtu mmoja pekee, bali ni uzima wa kijamii, wa moyo na wa utamaduni wa jamii nzima. Kwa kipimo hicho, mpango unaomfundisha mtoto kunywa maji na kula matunda, kisha ukamrudisha katika makazi ya mbali ambako duka ni moja na bei ya mboga ni ya juu, haujafundisha siha. Umefundisha lawama. Mtoto atakapougua ataambiwa kwamba alielezwa, naye huenda akaamini kwamba kosa ni lake.

Wapo wenye msimamo mkali wanaosema kuwa mpira wa mkoloni hauwezi kubeba mila ya mtawaliwa. Wapo pia wanaojibu kwamba mpira huo si wa mkoloni, kwa kuwa Waaborijini wa Victoria walikuwa na marngrook, mchezo wa kupiga teke na kudaka mpira wa ngozi ya posamu, na kwamba Tom Wills, mmoja wa walioandika kanuni za mwaka 1859, alikulia miongoni mwao. Wanahistoria hawajakubaliana juu ya uhusiano huo, na kwa suali la maadili si lazima wakubaliane. Katika visiwa vya Tiwi, kaskazini ya Darwin, hakuna shaka mpira uliletwa na wamisionari, mwanzoni mwa miaka ya 1940. Leo Watiwi wanao ligi yao wenyewe, na siku ya fainali, mwezi wa Machi, ni sikukuu ya visiwa vyote. Mchezo wa kigeni umekuwa wao kwa kuwa wanauendesha wao. Chombo hakiulizwi mti wake ulikatwa msitu gani. Huulizwa nahodha wake ni nani.

Hapa basi ndipo mizani inaposimama. Mpira wenyewe unaweza kuwa chambo, na hakuna dhambi kubwa: nafasi kikosini, safari ya mashindano, jezi mpya, ni vitu vinavyoweza kuwekewa sharti la kusoma, na mtoto akalielewa sharti hilo bila ya kudhalilika. Lakini mila na siha si zawadi za mahudhurio. Ni haki yake kabla hajaingia lango la skuli, na zinabaki haki yake siku anayolitoroka. Skuli inayotaka kuzifundisha kwa njia ya mchezo haina budi iziweke mahali ambapo mkosaji, mgonjwa, msichana na asiyejua kupiga teke wataweza kuzifikia bila ya kupitia benchi la wachezaji.

Na mpango uliotimiza hayo utajulikana kwa alama ndogo. Utajulikana siku mfadhili atakapoondoka na mipira ikachakaa, na ikaonekana kwamba wazee bado wanaitwa skulini, na watoto bado wanaimba wimbo wa mahali pale wakiwa wamesimama duara, na aliye dhaifu kati yao anarushiwa tunda taratibu, ili naye asiliangushe.